Namba Isiyo na Jina

Ukungu wa bonde la Luama ulikuwa haujaamua bado kuondoka wakati pikipiki ya Papa Alimasi ilipoingia Kabambare saa tatu asubuhi, ikiwa imebeba mwanamke aliyekuwa nusu macho, nusu usingizini. Inspekta Mwamvita Radjabu alikuwa ametoka Kasongo jana yake. Alilala Lusangi, akaondoka kabla hakujapambazuka vizuri, na tangu hapo hakuona kitu mbele yake ila mgongo wa Alimasi na weupe mtupu, mpaka akawa hajui tena kama ni wao wanaokwenda au ni njia inayowapitia. Aliposhuka, ardhi iliendelea kumtikisa. Alisimama kidogo mbele ya kituo cha polisi akingoja itulie.

"Tumefika, Mama Inspekta," Alimasi alisema. "Fungua macho."

"Yamefunguka."

"Hayajafunguka. Toka kule uko unaniitikia 'ndiyo' hata pale sikusema kitu."

Hakubisha. Alivua kofia ya pikipiki, akajifuta umande usoni kwa ncha ya kitambaa chake, akaingia ndani. Muda haukuwa rafiki yake. Saa sita kamili askari wawili wangemchukua Laura Ngongo kwenda gereza la Kindu, na mtu akishafika Kindu kesi yake huanza safari nyingine, ndefu, ambayo hakuna mwenye haraka nayo. Mwamvita alikuwa ameona mafaili ya namna hiyo yakizeeka makabatini pamoja na watu wake. Hakutaka kuongeza lingine.

Kesi yenyewe ilikuwa nyembamba kama karatasi, kwa sababu ilikuwa karatasi. Laura, mwenye miaka ishirini na sita, alikuwa mchoraji wa Shirika la Mipaka hapo Kabambare, lile linalopima mashamba ya wakulima na kuwapa hati. Katika ramani rasmi ya Lusangi, mashamba ya kaya arobaini na moja yalikuwa yamefutwa. Mahali pao palibaki peupe kana kwamba hapajawahi kuguswa na jembe, na upande ule, ambako watu huchimba dhahabu, pori lisilo na mwenyewe hupata wenyewe haraka sana. Mkuu wa ramani kule Kasongo, Bwana Grégoire, ndiye aliyegundua uharibifu na kuandika mashtaka. Alimwagiza fundi wa Kabambare achape orodha ya mafaili kutoka kwenye serva, ile kompyuta moja inayotunza kazi za ofisi nzima. Orodha ilisema hivi: ramani ya Lusangi, imeandikwa Jumanne saa nne na dakika kumi na nne, mwenyewe laura.

"Mama Inspekta, umejisumbua bure," alisema Komanda Moussa, mkuu wa kituo, mtu mnene mwenye sauti ya pole isiyolingana na bastola yake. "Mutoto amesha kubali kosa. Sikumupiga, sikumutisha. Amekubali yeye mwenyewe, na machozi juu."

"Nipe dakika kumi naye."

"Chukua hata makumi mawili. Lakini saa sita pikipiki za askari zinaondoka."

Laura alikuwa amekaa juu ya mkeka kwenye kona ya kasho, chumba cha kufungia watu, miguu imekunjwa chini ya kitenge. Mwanga uliingia kwa tundu moja la juu na ukungu kidogo uliingia nao, ukaning'inia hapo kati yao. Mwamvita aliketi chini, uso kwa uso naye.

"Niambie ile Jumanne."

"Nilikuwa na malaria, Mama. Nilikuwa nakunywa kinini. Masikio yalikuwa yanalia kengele, na meza ilikuwa inakuja, inaenda. Nilikuwa peke yangu mu ofisi."

"Ulifuta yale mashamba?"

"Sikumbuki kufuta."

"Unakumbuka nini?"

"Hata kitu. Nakumbuka maji. Nilikuwa naona maji inapita, mingi, polepole. Labda ni ndoto. Halafu waliniletea karatasi, jina yangu iko pale. Mimi nilikuwa na malaria, mashini haikukuwa na malaria. Nitaibishia namna gani?"

"Kwa hiyo ulikubali kitu usichokijua."

"Nilikubali kwa sababu naogopa, Mama. Siogopi Kindu. Naogopa kama mimi naweza kuumiza watu arobaini na moja, halafu nisijue."

Mwamvita alikunjua ile orodha juu ya mkeka. Alikuwa ameisoma mara nyingi mno, na huenda ndiyo sababu hakuwa ameiona. Sasa, kwa uchovu wa njia, herufi zilikuwa zikielea mbele yake, na moja ya zile zilizoelea haikuwa herufi. Baada ya jina la laura, mahali pa neno, palikuwa na namba: 2200.

"Hii ni nini?"

Laura alisogea, akainama. "Sijui."

"Kwa kawaida panaandikwa nini pale?"

"Pale ni jina ya kundi. Yangu yote inaandikwa 'ramani', kwa sababu sisi wachoraji tuko kundi ya ramani." Alikunja uso, kwa mara ya kwanza kama mtu wa kazi, si kama mfungwa. "Hii namba siijui kabisa."

Ofisi ya Shirika la Mipaka ilikuwa nyumba ya matofali yenye antena juu ya bati na paneli za umeme wa jua pembeni. Fundi wake, Déo, alikuwa mwembamba, ana miaka kama thelathini, na alipomwona inspekta mlangoni alisimama haraka hata kiti kikaanguka. Mtu asiye na hatia, Mwamvita aliwaza, huacha viti visimame. Alimwashiria akiokote, wakakaa wote wawili mbele ya skrini.

"Nani anaweza kubadilisha faili yoyote humu, ya mtu yeyote?"

"Ni mimi tu, Mama."

"Unaweza kuandika jina la Laura juu ya kazi ambayo Laura hakuifanya?"

"Naweza." Jasho lilikuwa limeanza kumtoka kwenye paji la uso, na asubuhi ilikuwa ya baridi. "Lakini sikufanya."

"Unaogopa nini, basi?"

Déo alitazama mlango, akatazama dari, mwisho akatazama mikono yake. Mwamvita hakumharakisha. Nje ukungu ulikuwa umeweka shavu lake kwenye dirisha, na kutoka mahali fulani ilisikika sauti ya mtu akitwanga, pole, kama moyo wa mtu aliyelala. Mara mbili kope zake mwenyewe zilishuka. Mara ya pili alizifungua, akakuta fundi anaongea.

"Nilifanya kosa ingine. Kasongo ilinikataza, nikafanya." Alivuta kibodi. "Mama, mashini haijui majina. Inajua namba tu. Kila mutu iko na namba, kila kundi iko na namba. Faili inabeba zile namba mbili: ya mwenyewe, na ya kundi. Ukiuliza ni ya nani, mashini inabeba namba, inaenda kutafuta jina mu kitabu."

"Kitabu gani?"

"Zamani ilikuwa moja tu, ya Kasongo. Mashini ilikuwa inaiuliza kupitia antena. Halafu antena ikakufa miezi mitatu. Watu wanakuja kazini asubuhi, mashini inasema haiwajue. Mama Mathilde wa miaka kumi ya kazi, inamukataa sawa mwizi! Alilia hapa, kwenye ile kiti. Mimi nikaona haya. Nikafungua kitabu ya hapa hapa."

"Ukaandikaje namba?"

"Nilibeba kaye, ile daftari ya kusaini asubuhi. Nikafuata vile wamesaini. Wa kwanza nikamupa 1001, wa pili 1002."

"Laura alisaini wa ngapi?"

"Wa ine. 1004."

Mwamvita aliandika namba hiyo kwenye daftari lake dogo, akaiwekea duara. "Na baada ya antena kupona?"

Déo alifungua faili moja fupi, nsswitch.conf, na kumwonyesha mistari miwili kwa kidole:

passwd: files ldap
group: files ldap

"Hii ya juu ni ya watu, ya chini ni ya makundi," alisema. "'Files' ni kitabu yangu ya hapa. 'Ldap' ni kitabu ya Kasongo. Mashini inafuata vile imeandikwa: inaanza hapa. Ikipata jina hapa, inasimama, haiulize tena Kasongo. Ikikosa, ndiyo inaenda Kasongo. Nilipashwa kurudisha Kasongo mbele na kufuta kitabu yangu. Sikurudisha. Antena inaanguka kila wiki, Mama. Nilisema watu wasilie tena."

"Déo. Kasongo walianza kuhesabu wapi?"

Uso wa Déo ulibadilika polepole, kama mtu anayesikia nyuma yake mlango alioufunga ukifunguka.

"Tulifundishwa na mwalimu mumoja," alisema mwishowe. "Anaanzaka 1001."

"Kwa hiyo Kasongo kuna 1004 mwingine."

"Iko. Lakini sijui ni nani. Haiko Laura."

Mwamvita alisimama akaenda mlangoni. Papa Alimasi alikuwa amejilaza juu ya pikipiki yake, mikono chini ya kichwa, kofia usoni.

"Papa Alimasi! Wiki ile ya ramani, ulileta nini hapa kutoka Kasongo?"

"Kile naletaka kila Alhamisi," sauti ilijibu kutoka chini ya kofia. "Diski yao. Nakamata kwa Bwana Grégoire, nafunga mu plastiki, naweka hapa kwenye kifua, naleta kwa Déo. Kazi ya kubeba watu inaniumiza mugongo, diski haisemi kitu."

Alirudi ndani. "Diski ya Alhamisi uliifanyaje?"

"Ramani rasmi zinatoka Kasongo. Nilizimwaga zote humu vile zilivyo, na namba zake." Déo alijishika kichwa kwa mikono miwili. "Jumatatu Bwana Grégoire akanipigia simu, akaniambia chapa orodha. Nikachapa. Mungu wangu! Faili ilikuja na 1004 ya Kasongo, mashini ikatafuta mu kitabu yangu, ikapata Laura, ikasimama. Mimi ndiye nimemufunga."

"Kujilaumu kutakuja baadaye. Hii 2200 je? Mbona haina jina?"

Fundi aliinua kichwa. "Kwa sababu kitabu yangu haina kundi ya 2200. Mashini ilikosa hapa, ikaenda kuuliza Kasongo. Ile siku antena ilikuwa imekufa. Hakuna mwenye alijibu, ikaandika namba tupu."

Hapo Mwamvita alikuwa macho kabisa. Jina la Laura lilikuwa limejibiwa na kitabu kimoja, na namba ile pweke ilikuwa bado inangoja jibu la kitabu cha pili. "Iulize sasa," alisema.

Déo alionyesha kisanduku chini ya meza. Taa yake ilikuwa nyekundu. Jua halikuwa limetoka kuzishibisha betri, na antena, kama wafanyakazi wengine wa pale, haikuanza kazi kabla ya ukungu kuondoka.

Wakangoja. Saa tano ilipita. Saa tano na nusu ikapita. Ukungu ulianza kupasuka taratibu, ukaonyesha kwanza mguu wa mti, kisha mbuzi mzima, kisha paa la kanisa lisilo na kuta. Mwamvita alikaa akitazama taa nyekundu mpaka ikawa inaogelea machoni pake, na ilipogeuka kijani alidhani anaota.

"Imekuja!" Déo alipiga kelele.

Wakati huohuo Komanda Moussa aliingia, saa yake ya mkononi imeinuliwa kama ushahidi. "Mama Inspekta, inabakia robo. Askari wamesha panda."

"Karibu, Komanda. Kaa. Unakuja kwa wakati mzuri."

Déo aliandika: getent group 2200. Mashini ilinyamaza kidogo, ikawa inakwenda Kasongo kwa njia ya mbinguni, ikarudi na mstari mmoja: uhakiki, na ndani yake mtu mmoja tu, gregoire.

"Uhakiki ni nini?" Komanda aliuliza.

"Ni wenye wanapitisha ramani rasmi," Déo alisema kwa sauti ndogo. "Iko yeye peke yake."

"Sasa badilisha," Mwamvita alisema. "Weka Kasongo mbele."

Déo aligeuza maneno mawili kwenye ile mistari. Aliita tena orodha. Jina lilikuwa lilelile: laura. Komanda alikohoa kwa heshima na kutazama saa yake. Lakini Déo tayari alikuwa anatikisa kichwa: mashini hukumbuka kwa muda majibu iliyokwisha kupewa, ili isisumbue watu. Akaisahaulisha. Akaita orodha mara ya tatu. Ramani ya Lusangi, Jumanne, saa nne na dakika kumi na nne, mwenyewe gregoire, kundi uhakiki.

Kisha Komanda Moussa alijongeza kiti, akaweka kidole kinene kwenye skrini, na hapo Mwamvita alimheshimu, maana mtu huyo alikuwa anafikiri.

"Ngoja. Na hizi zote? Ramani ya Salamabila, gregoire. Ramani ya soko, gregoire. Hizi ni kazi za mutoto, mimi mwenyewe nilimuona akipima soko. Mbele mashini ilisema zote ni za Laura, sasa inasema zote ni za Grégoire. Ukimuuliza huyu anajibu hivi, ukimuuliza yule anajibu vile. Nitafunga mutu kwa maneno ya shahidi wa namna hii?"

"Hapana," Mwamvita alisema. "Ndiyo maana hukupaswa kumfunga Laura. Jina liache, Komanda, jina hutegemea kitabu ulichokiuliza kwanza. Tazama kundi. Déo, Laura yumo katika makundi gani?"

"Moja. Ramani."

"Anaweza kuandika faili kwa kundi ambalo hayumo?"

"Hawezi. Mashini itamukatalia."

"Basi ile ya uhakiki si yake. Toa kila kitu cha namba 1004 kilichoandikwa Jumanne ile, humu ndani mote, si kwenye folda ya rasmi tu."

Amri ilichukua muda. Mistari miwili ilitokea. Wa kwanza waliujua. Wa pili ulikuwa ndani ya folda ya wachoraji, ambayo hakuna mtu aliyehangaika kuifungua, maana mhalifu alikuwa amekwishapatikana: Lusangi, Jumanne, saa nne na dakika ishirini, kundi ramani.

"Fungua," Mwamvita alisema.

Komanda Moussa aliitazama skrini kwa muda mrefu. Kisha alisimama, akatoka mlangoni, akawaambia askari wake washuke, halafu akafikiri tena akawaambia wapande, waelekee Kasongo, na wasimwambie mtu wanamfuata nani. Hati ya kukamata iliandikwa juu ya goti la inspekta, kwa kalamu ya Papa Alimasi.

Laura alisikia mlango wa kasho ukifunguliwa na akasimama mwenyewe, amejifunga kitenge vizuri kwa safari, uso mkavu. Mwamvita hakujua aanzie wapi. Alikuwa ametoa habari nyingi mbaya maishani mwake, na kwa hizo alikuwa na maneno yake tayari. Kwa nzuri hakuwa nayo. Alimkabidhi tu karatasi, bado ina joto la mashini.

"Hukufuta," alisema. "Ni Grégoire, kule Kasongo. Tutakueleza polepole."

"Na mimi? Ile Jumanne nilifanya nini?"

"Hii."

Karatasi ilikuwa ramani. Mashamba yalikuwepo yote, kila moja na jina la mwenyewe kwa herufi ndogo safi, na katikati yake kulikuwa na mto, mrefu, uliochorwa kwa uvumilivu, kila kona yake.

"Ulikuwa na homa na kengele masikioni," Mwamvita alisema. "Ulichora arobaini na moja. Nimehesabu mara mbili. Hukuacha hata mtu mmoja."

Laura alikaa chini palepale kizingitini. Alianza kulia bila sauti, akifuata mto kwa kidole, kutoka juu hadi chini, na Komanda Moussa akageuka kuangalia ukuta. Kidole kilishuka, kikapita shamba baada ya shamba, kisha kikasimama. Laura alijifuta macho kwa mgongo wa mkono, akaisogeza karatasi karibu na mwanga.

"Hapa nilikosea," alisema. "Maji inapitia nyuma ya shamba ya Mama Sifa, haipitie mbele. Nani iko na kalamu?"